Kutoka Kaseti Hadi Simu: Safari ya Kwaya Zetu Mbele ya Kamera



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma jinsi kwaya yetu ilivyoanza, walimu waliotulea na ziara tulizofanya. Sisi tumeombwa kuandika juu ya jambo lililozua mjadala mrefu kuliko yote katika mikutano ya mwaka huu, nalo ni video. Kwaya inajiandaa kurekodi video ya Yubilei na kila mtu ana maoni yake. Wapo wanaotaka bustani na sare za aina tatu. Wapo wanaotaka mchezo wa kuigiza. Wapo wanaosema turekodi papa hapa kanisani, tumalize, turudi nyumbani. Yubilei yetu ni ya Fedha, na wanakwaya hutania kwamba fedha ndiyo hasa haijawahi kutosha. Kwa hiyo uamuzi huu si mdogo.

Tumeona ni vyema kwanza tuangalie tulikotoka. Hakuna mtindo wa video ulioshuka kutoka juu ukiwa umekamilika. Kila mmoja ulizaliwa na vifaa vya wakati wake na mfuko wa wakati wake.

SAUTI ILITANGULIA PICHA

Wengi wetu tulizijua kwaya na waimbaji kwa masikio kabla ya kuwajua kwa macho. Nyimbo za Mary Atieno na za Faustin Munishi zilifika vijijini kwa redio na kaseti, zikaimbwa na watu ambao hawakuwa na runinga wala hawakujua waimbaji wenyewe wana sura gani. Kaseti ilikuwa na wema wake. Haikujali umevaa nini, una umri gani, au unaweza kucheza. Ilitaka sauti tu.

Runinga ilianza nchini Kenya mwaka wa 1962. Mwaka wa 1964 shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya, ambalo wengi walilijua kama VOK, na mwaka wa 1989 likawa KBC. Hadi KTN ilipoanza mwaka wa 1990, hapakuwa na kituo kingine cha runinga nchini. Kwaya iliyotaka kuonekana ilitegemea vipindi kama Sing and Shine. Kamera za studio zilikuwa nzito, zimewekwa juu ya magurudumu, na taa zilikuwa na joto la kutoa jasho. Kwa hiyo kwaya ilisimama. Warefu walikaa nyuma, wafupi mbele, sauti ya kwanza upande mmoja na besi upande wa pili, macho kwa mwalimu.

Kusimama huko hakukuwa kugeni kwetu. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, lilikuwa limewafundisha watoto wa shule vizazi kwa vizazi kuingia jukwaani kwa mpangilio, kusimama wima, kutamka maneno wazi na kutoka bila vurugu. Walimu wengi wa kwaya za kanisa walikuwa pia walimu wa shule. Waliyoyafunza wiki nzima shuleni waliyaleta kanisani Jumamosi jioni. Hivyo mtindo wetu wa kwanza wa video, huu wa safu, ulikuwa ni jukwaa la tamasha lililohamishiwa mbele ya kamera.

Vijana huuita mtindo wa picha ya pasipoti. Ni kweli hauna mbwembwe. Lakini una jambo ambalo mitindo iliyofuata ilianza kulipoteza: kila mwanakwaya anaonekana, na kila neno linasikika.

KANDA YA VHS NA MPIGA PICHA WA HARUSI

Mfumo wa VHS ulitoka Japani mwaka wa 1976, na kamera zake zilipoenea mijini kwetu, kazi ya video ilitoka studio ikaingia mitaani. Yule aliyepiga picha za harusi Jumamosi ndiye aliyepiga kwaya Jumapili, na alitupiga kama harusi. Alianza na maua ya madhabahuni, akasogea polepole hadi kwenye uso wa mwimbaji kiongozi, akarudi kwenye maua. Kamera ilikuwa moja, kwa hiyo hakuna kukatisha. Wimbo ulipoanza, ulirekodiwa hadi mwisho pamoja na watoto wanaolia na mzee anayekohoa.

Kwaya yetu ina kanda moja ya aina hiyo, ya siku sare zetu za kwanza zilipoombewa. Tunaitaja kwa sababu maalum. Ndani yake mwalimu wetu wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, anaonekana kwa mgongo karibu muda wote, maana alikuwa anaongoza. Mara moja tu, kati ya ubeti wa pili na wa tatu, anageuka kumpa ishara mpiga kinanda, na anatabasamu. Hiyo ndiyo picha pekee inayotembea ya uso wake ambayo kwaya inayo.

Kanda za VHS hazidumu. Unyevu huzipandisha ukungu, na kila zinapochezwa huchakaa. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine za kuzichezea, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Mashine zilizobaki ni hizo zilizoko kwenye makabati ya watu. Tutalirudia jambo hili mwishoni.

VCD, BUSTANI NA MAPOROMOKO YA MAJI

Miaka ya 2000 ilipoingia, VCD zilikuwa rahisi kununua na rahisi zaidi kunakili. Zilichezwa majumbani, kwenye mabasi ya masafa na madukani. Hapo ndipo kwaya za Tanzania zilipoingia sebuleni mwetu kwa nguvu: AIC Chang'ombe ya Dar es Salaam, AIC Makongoro ya Mwanza, Mtakatifu Kizito Makuburi, na pia mwimbaji Rose Muhando na wachezaji wake. Kiswahili kilikuwa chetu sote, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kwaya nyingi za Kenya, yetu ikiwemo, zilijifunza video kwa kukaa mbele ya VCD hizo na kurudia hatua moja moja.

Wakati huo mitindo mitatu ilisimama kando kando.

Wa kwanza ni mtindo wa mandhari. Kwaya inatoka nje: bustanini, kando ya ziwa, juu ya mawe, mbele ya jengo zuri mjini. Sare hubadilishwa kila baada ya ubeti au kiitikio, na hatua hufanywa kwa pamoja. Kwaya ya Ambassadors of Christ kutoka Kigali, Rwanda, ilipendwa sana hapa Kenya kwa mtindo huu, hasa kwa wimbo wa Kwetu Pazuri. Ukiwatazama utaona hawarukiruki. Ni mkono unaoinuliwa, mguu unaosogezwa, kichwa kinachogeuzwa, lakini watu wote hufanya kwa wakati mmoja. Nguvu yao ilikuwa mazoezi. Mwezi wa Mei 2011, wakitoka katika ziara ya Tanzania, kwaya hiyo ilipata ajali barabarani na waimbaji wake 3 wakafariki. Watu waliozijua nyuso zao kwa video tu, hata huku kwetu, walilia kama waliofiwa na jirani.

Wa pili ni mtindo wa hadithi. Wimbo unahubiri juu ya mwana mpotevu, basi tunamwona kijana anaondoka na begi, anakula raha mjini, anarudi na nguo zilizoraruka, na baba anamkumbatia. Mtindo huu unawafaa Waswahili kwa sababu tunapenda kisa chenye funzo, na mtoto asiyefuata maneno ya wimbo bado anaelewa. Ugumu wake ni waigizaji. Mlevi akiigizwa vibaya, kanisa zima hucheka mahali palipotakiwa toba. Tena dakika tano za wimbo ni chache. Hadithi ikiwa na watu wengi na mambo mengi, waimbaji wanabaki kuwa wapita njia katika video yao wenyewe.

Wa tatu ni mtindo wa kitambaa cha kijani. Kwaya inaimba mbele ya kitambaa cha rangi moja, kisha kompyuta inaondoa rangi hiyo na kuweka picha nyingine. Kijani huchaguliwa kwa kuwa kiko mbali na rangi ya ngozi ya binadamu, na ndiyo maana aliyevaa sare ya kijani siku hiyo alijikuta tumbo lake limekuwa mto. Tulizoea kuona kwaya za mitaani kwetu zikiimba mbele ya maporomoko ya maji ya Ulaya, bata maji weupe na magorofa ya Dubai. Leo tunacheka. Lakini tukumbuke kwa nini mtindo huo ulipendwa. Ulikuwa nafuu. Kwaya isiyoweza kukodi basi hadi Nakuru iliweza kufika Dubai kwa siku moja bila kutoka studio.

JINSI INAVYOFANYIKA

Washirika wengi hutuuliza kama tunaimba kweli kwenye video. Jibu ni kwamba tumeimba kweli, ila si siku hiyo. Katika mitindo yote mitatu tuliyoitaja, wimbo hurekodiwa kwanza studio, sauti kwa sauti. Siku ya picha, wimbo huo huchezwa kwa spika kubwa na waimbaji huufuatisha. Mwelekezi mzuri huwaambia waimbe kwa sauti hata kama kamera haichukui sauti, kwa sababu shingo na kifua cha mtu anayeimba kweli havifanani na vya mtu anayechezesha midomo tu.

Wimbo huo huo huimbwa mara nyingi. Mara ya kwanza kamera iko mbali, inaona kwaya yote. Mara ya pili inaona safu, mara ya tatu nyuso, mara ya nne mikono na vyombo. Mhariri hupanga vipande hivyo juu ya sauti ile moja. Ndiyo maana video ya dakika tano hula siku nzima, na ndiyo maana wapishi wa kwaya ni sehemu ya video ingawa hawaonekani.

Kuna jambo lililowashangaza wengi wetu tulipolifanya mara ya kwanza. Ili kupata ule mwendo wa polepole ambapo nguo zinapepea taratibu lakini midomo inafuata wimbo, kamera hurekodi picha 50 kwa sekunde badala ya 25, na wimbo huchezwa kwa kasi mara mbili. Baadaye picha hupunguzwa hadi 25 kwa sekunde, midomo inarudi mahali pake, na mwili unabaki ukielea. Yaani ule utulivu mnaouona kwenye skrini ulipatikana kwa kwaya kuimba wimbo wa ibada mbiombio kama watu wanaokimbilia matatu ya mwisho.

YOUTUBE, SIMU NA MWAKA WA KORONA

YouTube ilianzishwa mwaka wa 2005, lakini kwetu ilianza kuwa na maana nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka wa 2009 na simu zikaanza kuwa na kamera nzuri. Kabla ya hapo kwaya ilirekodi nyimbo 8 au 10 ili kujaza VCD, na ilizinduliwa kwa harambee. Sasa wimbo mmoja unatosha. Hiyo ni nafuu, lakini pia ni shinikizo, kwa maana pesa zote na macho yote yako kwenye wimbo mmoja.

Mtindo mpya uliozaliwa hapo ni video ya maneno, ambapo maneno ya wimbo huonekana kwenye skrini juu ya picha tulivu. Haina gharama kubwa, na imewafaa sana washirika wanaojifunza wimbo nyumbani. Walimu wa shule ya Jumapili wanaipenda kuliko zote.

Kisha ukaja mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi, na milango ya makanisa ikafungwa. Ilipofunguliwa Julai, ibada iliruhusiwa kuwa na watu wasiozidi 100, kwa saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 waliombwa kubaki nyumbani. Kwa kwaya yenye akina mama na wazee wengi kama yetu, hilo lilikuwa pigo. Ndipo tukajifunza kuimba kila mtu kwake. Mwalimu alituma kinanda kwa WhatsApp, kila mmoja akasikiliza kwa sikio moja, akajirekodi kwa simu, na vijana wakaunganisha nyuso zetu katika vijisanduku. Picha haikuwa safi. Nyuma ya mmoja kulikuwa na jogoo, nyuma ya mwingine sufuria jikoni. Lakini washirika waliokuwa peke yao walitupigia simu kusema wameona watu wao. Hatujawahi kupokea simu nyingi hivyo kwa video iliyogharimu pesa.

KUREKODI MBELE YA WATU

Mtindo unaovutia wengi siku hizi ni wa kurekodi moja kwa moja, sauti na picha kwa pamoja, mbele ya waumini. Joyous Celebration ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka wa 1994, imeujenga mtindo huu kwa muda mrefu, na makanisa mengi ya Nairobi yameufuata. Hapa hakuna kufuatisha wimbo wa studio. Ukikosa noti, umekosa. Unahitaji maikrofoni nyingi, kamera angalau tatu, na mazoezi ya miezi. Malipo yake ni kwamba kutaniko nalo linakuwa sehemu ya wimbo. Machozi ni machozi, na makofi ni makofi.

NENO JUU YA MKATABA

Hatuwezi kuandika historia hii bila kutaja jambo linaloumiza. Miaka kadhaa iliyopita kwaya yetu ilichanga, wengine wakauza kuku na mahindi, tukamlipa mtayarishaji mmoja mjini. Tulipokea nakala chache. Rekodi asili, yaani masta, ilibaki kwake. Baadaye alihama bila kutuambia, na nyimbo zile hatunazo hadi leo isipokuwa nakala zilizokwaruzika. Wanakwaya watatu waliosikika humo wameshatangulia mbele za haki.

Kwa ajili hiyo kamati imekubaliana mambo manne. Mkataba uandikwe na kutiwa sahihi kabla ya senti ya kwanza. Mkataba huo useme kwamba masta na picha zote ghafi ni mali ya kwaya, na zikabidhiwe katika diski mbili, moja ibaki ofisi ya kanisa. Tatu, tuimbe nyimbo ambazo tuna ruhusa nazo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mtunzi wa muziki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki kwake, na YouTube ina mfumo unaotambua wimbo wa mtu mwingine na kumpa mwenyewe mapato. Nyimbo zilizotungwa na walimu wetu zisajiliwe katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Nne, asiletwe mpiga droni asiye na kibali. Tangu kanuni za mwaka wa 2020, droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege.

VIDEO YA YUBILEI

Sasa turudi kwenye mjadala wetu. Hoja ya vijana ina uzito. Video ya bustani yenye waimbaji 12 wepesi wa miguu itapendeza, na huenda ikatazamwa na wengi. Vijana ndio walioishika kwaya wakati wa korona, na hakuna anayewadharau. Lakini tulipohesabu, tuliona kwamba karibu waanzilishi wote waliobaki wangekaa nje ya picha. Kuna mama wa sauti ya pili asiyeweza kusimama zaidi ya nyimbo mbili. Kuna mzee wa besi anayeimba akiwa ameketi. Hao ndio waliotushika mkono tulipoingia kwaya hatujui hata kupumua.

Kwa hiyo kamati imeamua hivi. Nyimbo mbili zitarekodiwa moja kwa moja hapa kanisani, kwaya yote, na viti vitawekwa safu ya mbele kwa wanaohitaji kuketi. Kamera moja itakuwa na kazi moja tu, kupita uso kwa uso hadi kila mwanakwaya awe ameonekana. Mwalimu atapigwa picha kwa mbele, si kwa mgongo. Wimbo wa tatu ni wa vijana. Watachagua mahali na hatua zao wenyewe, na wazee wameahidi kuuchangia bila kunung'unika.

Tunao pia ombi kwa washirika. Ikiwa nyumbani kwako kuna kanda ya VHS, kaseti, VCD au picha yoyote ya kwaya hii, tafadhali ilete ofisi ya kanisa kabla ya siku ya kurekodi, ikiwa na jina lako ili urudishiwe. Ikiwa una mashine ya VHS inayofanya kazi, hata yenye vumbi, tunaihitaji zaidi ya mchango wa pesa. Kijana mmoja wa kwaya amejitolea kuhamisha kila kitu kwenye kompyuta. Kanda ya kwanza atakayoianza ni ile ya sare zetu za kwanza, nasi tutaionyesha kwenye skrini siku ya sherehe, baada ya mahubiri, kabla ya chakula. Familia ya mwalimu imealikwa.

Mungu awabariki nyote, na karibuni sana katika Yubilei yetu.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote